Kilimani Waliuita Moyo

Jumanne, 11 Januari 2000. Mahajanga

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili. Jana baada ya sala ya alasiri nilibaki peke yangu kwenye mkeka, nikainua mikono, na sikuomba rehema. Nilimwomba Mungu kipindupindu kipande kilima. Mtaa niliutaja kwa jina: Mangarivotra. Sikutaka afe mtu. Nilitaka waharishe tu, wagombanie choo kama sisi, ili kesho yake lori la maji lije mbio.

Asubuhi tulikuwa tumempoteza Elarif, mtoto wa jirani. Alikuwa hajaweza hata kutamka jina lake, alijiita Eyaye. Watu wa afya walimtia katika mfuko wa plastiki, wakaunyunyizia dawa, wakaondoka naye. Mama yake alilikimbilia lori akiwa ameshika vinguo vya mtoto, kama mtu aliyesahau kumfungia mzigo msafiri.

Mvua ni moja. Inawanyeshea wao kwanza, kisha inateremka kwetu bondeni pamoja na kila ilichokutana nacho njiani. Huu ni msimu wa pili wa ugonjwa huu, na hakuna asiyejua dawa yake: maji safi, sabuni, dripu mapema. Kwa hiyo anayekufa sasa hafi kwa kutojua. Anakufa kwa sababu ya mahali anapolala.

Jina langu Charifa. Nina miaka kumi na saba. Shule niliiacha mwezi wa tisa nilipofeli mtihani wa mwisho, maana ada ya kurudia haikuwepo. Naandika Kiswahili kwa sababu marehemu baba, aliyekuwa baharia, alinifundisha kila alipokuwa nyumbani, na hapa sijui mwingine anayekisoma. Ndani tunasema Kikomoro, nje Kimalagasi. Maneno ya watu nayageuza ninapoyaandika. Mimi mwenyewe sisemi sana kwa lugha yoyote.

Alhamisi, 13 Januari

Mvua. Bomba la mtaa linatoa upepo mtupu. Nimechemsha maji ya kisima mpaka makaa yakaisha. Mama ananiita daktari wa sufuria.

Jumapili, 16 Januari

Mama ndiye anayeosha maiti za wanawake na watoto mtaani kwetu. Alfajiri anachoma vitumbua vya nazi na kuviuza barazani, na akiitwa msibani anafunika chungu na kwenda. Hapokei kitu. Husema kazi hiyo ujira wake hauko hapa.

Lakini tangu mwezi wa kumi na mbili haoshi aliyekufa kwa kipindupindu. Muuguzi mmoja, Soazara, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya mto, alikuja msikitini akawakusanya waoshaji wote. Aliwaambia maiti ya kipindupindu inaambukiza kuliko mgonjwa, na nguo zake vilevile. Imamu akasema panapokatazwa maji, mchanga safi unatosha, na hata mchanga usipowezekana, Mungu anajua. Mama akaapa mbele yao. Mama akiapa ameapa.

Leo kisimani mama Elarif alimngoja Mama mpaka ndoo yetu ikajaa, kisha akasema, watu wote wakisikia:

"Mwosha naye huoshwa, Mariamou. Tutaona wewe atakuosha nani."

"Dada, nilikatazwa."

"Umekatazwa na nani? Na yule mrefu wa glavu? Mwanangu amekwenda kwa Mola wake na kinyesi mapajani, na wewe umekaa barazani unageuza vitumbua!"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno mengi, yote yamepangwa vizuri, nayo yakabaki kooni kama kawaida. Mama alijitwisha ndoo. Njiani alisema tu, "Hasira yake ina haki. Tazama unapokanyaga."

Alhamisi, 20 Januari

Nimepeleka vitumbua kwa Mjomba Djaanfar. Ni kaka yake mama, baba mmoja mama mbalimbali. Ana duka la vitambaa, na nyumba ya ghorofa huko Mangarivotra, mtaa ambao hata jina lake lina upepo ndani, maana rivotra kwa Kimalagasi ni upepo. Kweli upepo upo. Ukifika pale unasikia jasho linakauka, na hakuna harufu ya kitu chochote isipokuwa maua na kahawa.

Binti yake, Hayrat, ni rika langu. Alikuwa anaosha embe huku akinisimulia habari za harusi ya mtu, na muda wote bomba lilikuwa wazi. Maji yalikuwa yanateremka tu. Nilishindwa kumsikiliza. Nikanyoosha mkono nikalifunga.

"Wee!" akacheka. "Umekuja kunikagua?"

"Yanamwagika."

"Ndiyo kazi yake. Sema basi jambo jingine, Charifa, au maneno yako uliyaacha shuleni pamoja na daftari?"

Mama yake, Bweni Kouraichia, sisi huwaita hivyo mabibi wa heshima, alinipa maji katika kikombe cha bati. Wao walikuwa wanakunywa kwa bilauri. Akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, "Hivi kwenu huko hamnawi mikono?"

Nilisema, "Tunanawa, Bweni." Kichwani nilisema, kwa maji gani?

Mama yake Bweni, bibi mnene mcheshi anayeitwa Koko Fatima, maana koko kwetu ni nyanya, alikuwa kitini akitafuna kitumbua. Yeye pekee aliniuliza habari za mama. Akasema Jumamosi atateremka kwetu matangani, amefiwa na mtu aliyenyonya naye ziwa moja. Bweni akamkataza. "Nisishuke?" akasema Koko Fatima. "Kwani wewe nilikuzaa wapi kama si kule kule topeni?"

Nimempenda.

Jumatatu, 24 Januari

Mvua tangu juzi, siku Koko Fatima alipoteremka matangani. Choo cha nyuma kimejaa na kumwagika uani. Boinali, mkokota pusipusi jirani yetu, anasema kigari chake sasa akiuze kwa wavuvi. Tumecheka.

Jumatano, 26 Januari

Hayrat hakutoka kupokea vitumbua. Mtumishi amesema ana malaria.

Ijumaa, 28 Januari

Gari la Mjomba limeteremka kwetu leo. Halijawahi. Dereva alikanyaga tope kama anakanyaga kaburi, akatuambia Koko Fatima amefariki alfajiri, mama aje kuosha.

Mama alichukua karafuu maiti na majani yake ya mkunazi, akaniambia na mimi nije nimiminie maji. Anasema umri umefika wa kujifunza.

Mjomba alitupokea ngazini. Mama hata hakumpa mkono wa rambirambi kwanza. Alimuuliza, "Kaka, amekufa na nini?"

"Moyo."

"Aliharisha?"

Bweni Kouraichia akatoka chumbani, macho mekundu. "Mariamou! Mama yangu kalala pale hajapoa, wewe unauliza habari za choo?"

"Niliapa, Bweni."

"Ni moyo," akasema Mjomba. "Daktari wangu amesema moyo. Au unataka ukamuulize maiti?"

Mama alimtazama. Najua alichokuwa anakitazama. Mwaka 1976 mji huu ulipowageukia Wakomoro ukawaua, mama alikuwa na umri wangu huu. Mjomba alimbeba begani usiku kucha mpaka walipokuwa wanajificha wenzao, na wale waliopandishwa ndege wakaenda, wao wawili wakabaki. Mama hajawahi kumpinga tangu siku hiyo. Akaingia.

Nilikwenda jikoni kujaza maji. Mlango wa chumba cha Hayrat ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa amelala, midomo imepasuka, na kwenye ndoano ya pazia ilining'inia chupa ya dripu, na chini ya kitanda chupa nyingine tupu, na nyingine. Aliniona. Akaweka kidole mdomoni.

Sikuelewa upesi. Au nilielewa, na miguu ikaendelea kwenda na ndoo kwa sababu ndivyo ilivyozoea.

Koko Fatima hakuwa mnene tena. Macho yalikuwa yamezama, na vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua mchana kutwa. Mama alivishika akavitazama. Halafu akamwinua kidogo akaminya tumbo taratibu, kama inavyofanywa siku zote, ili kilichobaki kitoke kabla ya kumtawadhisha. Yakatoka maji. Meupe, kama yale ya kuoshea mchele.

Mama alisimama kama mtu aliyeitwa.

"Rudi nyuma," akaniambia. "Mpaka mlangoni. Mimina kutoka huko."

"Mama, tuache."

"Maiti haachwi nusu. Mimina."

Nikamimina kutoka mbali, maji mengine yakipotea sakafuni. Alimaliza kila kitu: kulia kabla ya kushoto, tatu tatu, karafuu maiti mwishoni. Hakuharakisha hata kidogo. Alipomaliza alinivua kanga yangu iliyorushiwa maji akaitia katika moto wa jikoni, mbele ya Bweni Kouraichia. Bweni alitazama moto.

Kwetu wangeuita kipindupindu, wangetia chokaa mlangoni, wangetufungia barabara. Kilimani wameuita moyo, na watu wamekula pilau.

Jumamosi, 29 Januari

Mama hakuchoma vitumbua. Amesema mikono yake haimfai mtu leo.

Jumapili, 30 Januari

Naandika nje ya mahema ya wagonjwa. Nisipoandika nitapiga kelele.

Mama alianza kuharisha kabla ya jua kutoka. Mara ya kwanza alicheka, akasema tumbo linamkumbusha njia ya chooni. Baadaye hakucheka. Nilimchanganyia maji ya kuchemsha na sukari na chumvi kama tulivyofundishwa shuleni, akanywa, yakarudi. Nikasema twende kwenye mahema. Akasema, "Mwambie kaka kwanza."

Nilipanda kilima nikikimbia kwenye mvua. Gari lilikuwa uani. Nilimwambia Mjomba, Mama anatapika, ni ule ule, nipe gari tumpeleke.

Mjomba alifunga mlango wa sebule ndipo akanijibu. "Msiende kwenye mahema. Watamwuliza amemwosha nani."

"Na aseme!"

Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumpandishia sauti. Hakukasirika. Alikaa chini akazungumza polepole, na nitaandika alivyosema, maana sitaki baadaye nimfanye shetani. Alisema, "Unajua yale ya mwaka ule yalianza na nini? Na kinyesi cha mtoto mmoja, Charifa. Mtoto alijisaidia uani kwa mtu, wakagombana, na kesho yake mji ukawaka. Sasa sokoni wanasema kolera imeletwa na Wakomoro kwa meli. Wakisikia imo nyumbani kwa Djaanfar, tajiri wa vitambaa, unadhani watakuja na dripu? Watakuja na petroli. Nimewahi kuwaona wakija. Daktari wangu atateremka kwenu sasa hivi. Atamtibu ndani, kimya, kama alivyomtibu Hayrat. Nakuapia."

Nikamwamini. Mama naye akaamini. Tulimngoja daktari.

Tulingoja. Nilifagia tope mlangoni ili daktari asichafue viatu. Nilitandika shuka safi. Kila pusipusi iliyopita nilitoka nje. Mama aliniuliza, "Amefika?" kisha akaacha kuuliza, kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha na miguu ilikuwa imemkaza kwa mikakamao, akawa ananishika mkono kila ilipokuja. Vidole vyake vilianza kukunjamana. Nilipoviona vile vidole niliacha kungoja.

Nilitoka nje nikapiga kelele. Mimi. Nilipiga kelele katikati ya njia, "Mama yangu anakufa! Ana kipindupindu! Kamwosha mtu wa kilimani!"

Milango ikafunguka. Boinali akaja na kigari chake. "Leo bubu kasema," akasema, lakini alikuwa tayari anavua shati amtandikie. Na aliyetoka wa pili alikuwa mama Elarif. Hakuuliza kitu. Alipanda kigarini, akakiweka kichwa cha mama mapajani mwake, akamwambia, "Haya, Mariamou. Haya, dada, usilale." Maji ya njiani yalimfika Boinali kiunoni. Mimi nilisukuma nyuma. Tulipofika barabarani nilitazama juu mara moja: daktari hakuonekana, wala gari.

Mahemani Soazara alitafuta mshipa mkono wa kulia, akatafuta wa kushoto, akatafuta mguuni. "Mlikuwa wapi tangu asubuhi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Tulikuwa tunamngoja daktari."

"Daktari yupi anateremka huku?"

Aliupata mshipa. Dripu inakwenda. Nimemwambia yote, nyumba na jina. Akasema tumalize hili kwanza.

Mama alifumbua macho jioni hii. Aliniambia, "Usimchukie kaka yangu. Alinibeba."

Sikumjibu. Ningemdanganya.

Jumatatu, 31 Januari

Mama amefariki. Siandiki.

Jumamosi, 5 Februari

Matanga yamewekwa Mangarivotra. Mjomba alisema nyumba yetu haitoshi watu. Nilikubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa, nikapewa sinia la vikombe nigawe kahawa kwa wanawake, maana mtu mwenye haya hupewa sinia.

Wanawake walikuwa wanasikitika kwamba Mariamou, aliyeosha watu maisha yake yote, amezikwa katika mfuko bila kuoshwa. Mmoja akaanza kulia. Bweni Kouraichia akashusha pumzi.

"Maskini Mariamou," akasema. "Ndiyo hali ya kule chini. Uchafu. Unawaambia wanawe mikono, lakini wapi."

Nililiweka sinia chini. Nadhani nililiweka vibaya, kikombe kimoja kilianguka.

Nikasema, "Mama yangu alinawa mikono kuliko mtu yeyote katika chumba hiki. Ugonjwa kauchukua hapa. Kwenye tumbo la Koko Fatima."

"Mtoto ana huzuni," akasema Bweni. "Mleteeni maji."

"Maji yapi, Bweni? Ya kikombe cha bati?" Nilimgeukia uso kwa uso. "Uliulizwa kama aliharisha. Uliulizwa ngazini! Ungesema ndiyo, Mama angerudi nyumbani angechoma vitumbua vyake. Mlijua. Mlikuwa na chupa za dripu chini ya kitanda."

"Muongo huyu!"

"Si muongo." Alikuwa Hayrat, amesimama mlangoni, amekonda kama ufagio. "Mama, si muongo. Nilitundikiwa mimi. Daktari alisema jina lenyewe, mkamwomba asiliandike."

Bibi mmoja, mke wa muuza viungo, alisimama akiwa ameshika shingo yake. "Mimi nilikula hapa siku ile," akasema. "Niliwabebea na wajukuu." Akaanza kutafuta viatu. Wengine wakasimama. Baada ya muda mfupi ilibaki mikeka na vikombe.

Mjomba alinikuta ngazini. Alikuwa hana viatu. Uso wake ulikuwa wa mzee ambaye sikuwahi kumwona.

"Nilidhani nawalinda watu wetu," akasema.

"Ulilinda mtaa wako, Mjomba."

"Daktari aliniambia ameteremka. Aliniapia."

"Na wewe hukuteremka kutazama."

Sasa ninajua aliogopa kila kitu: majirani, soko, moto, mwaka 1976. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Lakini kila alipoogopa, aliyelipa alikuwa mtu wa chini. Gari lake lilijua njia ya kwetu siku ya kumfuata mwoshaji, likaisahau siku ya kumpeleka mgonjwa.

Jumatano, 9 Februari

Watu wa afya wamefika Mangarivotra. Hakuna aliyekuja na petroli. Majirani wa Mjomba walikuja na ndimu na sabuni, na mmoja Mmalagasi alikuja na kuku. Lori la maji limekuja pia. Limesimama Mangarivotra, ambako kila nyumba ina bomba. Huku kwetu dereva amesema tope litamzamisha.

Boinali na wenzake wameteremsha maji kwa pusipusi, ndoo kwa ndoo, na wanamtukana dereva kwa kila ndoo. Nimejifunza matusi mawili mapya.

Jumatatu, 14 Februari

Mvua.

Ijumaa, 18 Februari

Koko wangu wa kisiwa cha Nosy Be, mama yake marehemu baba, ametuma salamu na nauli. Niende. Hayrat amekuja kunisaidia kufunga vitu. Alikibeba chungu cha vitumbua kichwani mpaka kwa mama Elarif, ambaye nimemwachia. Hayrat alipokuwa anaondoka alisema anafunga bomba sasa. Nikamwambia hilo halimfufui mtu. Akasema anajua.

Jumamosi, 26 Februari. Antsahampano

Njia ilikuwa mbovu, teksi ilisukumwa na abiria wake. Hapa kwenye gati la mashua za Nosy Be kuna meza, askari, na ndoo ya maji. Kila abiria anameza vidonge vya kuzuia kipindupindu mbele yao kabla ya kuvuka, afungue mdomo, ainue ulimi. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza, "Na wanaokwenda kwa ndege, nao wanainua ulimi?"

Askari akasema yeye ni wa mashua tu.

Nikameza. Nikainua ulimi. Yule mzee akanikonyeza kama vile sote wawili tumeiba kitu.

Alhamisi, 2 Machi. Nosy Be

Koko anaishi nyuma ya msikiti, nyumba ya mabati yenye ua safi. Anasema Kimalagasi, anasali kwa Kiarabu, na katikati ana maneno machache ya babu zake wafanyabiashara, ambayo hulitaja kila moja kana kwamba analitoa sandukuni. Hapa pia kuna mitaa miwili. Watalii wana maji yao. Nimeviona visima vya wengine, na jana nimekwenda kumwuliza muuguzi wa zahanati kama anahitaji mtu wa kuchemsha maji na kufundisha kuchemsha. Niliuliza kwa sauti ya kusikika. Amesema nije Jumatatu.

Leo Koko alinikalisha mkekani, akanishika mikono yote miwili, akauliza swali nililokuwa naliogopa njia nzima.

"Mama yako alioshwa?"

Siku ile niliandika kwamba siandiki. Sasa naandika.

Mama alikata roho asubuhi, mvua ikigonga hema. Soazara alimfumba macho. Akasema mfuko upo tayari, lakini lori la kuzika limekwama kwenye maji na litachelewa. Alisimama kidogo. Halafu akaweka juu ya kitanda glavu, jozi mbili, na aproni mbili za plastiki, na beseni ya maji aliyokwisha kuyatia klorini, yale makali ya kufutia vitanda. Akasema, kana kwamba anazungumza na turubai, "Ninakwenda kuchanganya dawa. Mimi sijui kinachofanyika hapa. Msimkalishe. Tumbo lisiguswe. Na mikono yenu mtailoweka mpaka niseme basi." Akashusha pazia, akasimama nje, mgongo kwetu.

Mama Elarif alimimina. Mimi niliosha. Kulia kabla ya kushoto, tatu tatu. Karafuu maiti haikuwepo. Harufu ilikuwa ya klorini, na machozi yalitoka hata kabla sijalia. Nilipofika miguuni niliona mahali alipokatwa na kigae siku moja akinibeba kisimani, na nikapaosha hapo mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Tumbo sikuligusa. Mwisho mama Elarif alisema, "Sasa na Elarif wangu nimemwosha kidogo."

Sheria ilikataza. Soazara alikwishaonywa mara moja kwa kumruhusu baba kumbusu mwanawe. Wakijua, watamwondoa, na pale mahemani hakuna mwingine anayeupata mshipa uliojificha. Msimu ujao mvua itanyesha tena, na itateremka kule kule. Mtu wa bondeni atafika amechelewa, na atamhitaji yeye.

Nimemwona Koko akiongea na majirani. Moyo wake ni mzuri na mdomo wake hauna kifuniko. Mahajanga wangesikia kabla ya Ijumaa ijayo.

Nikamwambia, "Hapana, Koko. Ilikatazwa."

Alilia kwa sauti, akajipiga kifua, akamwuliza Mungu mwanamke yule alimkosea nini. Nilimshika. Nilimwacha alie mpaka akachoka.

Wewe unayejua kukisoma hiki nilichoandika, sasa tunaojua tupo wanne. Ukifika Nosy Be ukamkuta Koko bado analia juu ya jambo hilo, mpe maji safi anywe, kaa naye, lakini usimwambie.